Ndege Ana Sheria, Ua Halina

Shemeji yangu Fanuel Mwandawiro alikuwa na kichwa kigumu, na nalisema hilo mapema ili asiyemjua asije akamfanya mtakatifu. Mimi ni Mable, nimeolewa na mdogo wake, na tangu nifike katika boma lile mwaka wa sitini na mbili sikumwona hata siku moja akirudisha neno alilokwisha kulitoa. Akiamua leo ni Alhamisi, nyumba nzima ilikula chakula cha Alhamisi na Jumatano ikasubiri. Ila kwa kila chenye uhai alikuwa mpole mno. Siafu aliwapisha njia. Mkewe, Wakio, alikuwa akimcheka kwamba kuku wa nyumba ile watakufa kwa uzee.

Ujana wake aliumalizia Voi, kwenye gengi la reli, akibadilisha mataruma juani. Baba yake alipofariki, mwaka wa sitini na nne, aliacha kazi ya mshahara akarudi kilimani kulima mahindi na maharagwe kama sisi wengine. Watu walimwona mjinga. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa katika ukoo, na ukoo ule ulikuwa na fighi ya kutunza.

Fighi yetu ilikuwa msitu mdogo kwenye bega la kilima cha Mbololo, juu kidogo ya mashamba. Wadawida, yaani Wataita, wa zamani walikuwa na misitu ya namna hiyo kila mahali, iliyowekwa na wazee ili ikinge nchi na maradhi na maadui. Kila fighi ina watu wake wa kuiangalia, na ya kwetu ilikuwa na amri moja iliyozishinda nyingine zote: kilichomo ndani hakitoki. Si kuni kavu, si tunda lililooza, si jiwe. Mwanamke haingii. Nimepalilia miaka na miaka chini ya ule msitu, nikisikia ukungu ukidondoka kwenye majani, nisijue ndani kuna nini. Pale kanisani walisema ni mambo ya giza. Fanuel aliimba besi Jumapili, na Jumatatu akapanda kuiangalia fighi yake, wala hakuona shida yoyote. Alisema aliyeiotesha ni Mungu huyohuyo.

Mwaka wa sitini na tisa wakaja watu wa kupima ardhi ili kila mmoja apate hati. Tulikaa kwenye nyasi, kamati mbele, na kila mtu akasimama kuonyesha mpaka wake, na kelele hazikukosekana. Ndugu wa tumbo moja walishikana mashati kwa sababu ya mgomba. Ilipofika zamu ya fighi, afisa akauliza huu msitu ni wa nani. Wale wale waliokuwa wakipigania migomba wakaanza kutazama miguu yao.

Msiwacheke. Kwetu mtu anayesimama mbele za watu na kusema fighi ni yake amejiapiza mwenyewe. Ameutaka mwaka usiishe akiwa hai. Fanuel alisimama, maana ilimpasa, akasema, "Bwana afisa, sisi tunaiangalia tu. Hiyo haiwezi kuwa ya mtu."

"Kwa hivyo haina mwenyewe?"

"Haina."

Afisa akaandika, wakahamia shamba lingine. Neno moja tu la uongo lingetosha siku ile. Angesema, "Ni yangu," ningekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia leo, au nisingekuwa na hadithi kabisa. Lakini Fanuel kusema uongo juu ya fighi ilikuwa sawa na kumtukana mama yake hadharani. Msitu ukaandikwa kuwa mali ya umma, na sisi tukaendelea kupalilia.

Miaka ikapita. Mwaka wa sabini na saba akaja Kalondu, msichana wa Kikamba aliyekulia Voi, baba yake akiwa na duka karibu na stesheni. Alikuwa chuo kikuu akisomea viumbe. Aliposikia kuhusu fighi macho yalimng'aa, na alipoambiwa haruhusiwi kuingia hakubishana. Alikaa nami ukingoni kwenye mkeka, na Fanuel akawa anaingia na kutoka kumletea habari. Kutoa kitu hakuruhusiwa, kwa hiyo alileta maneno. Kalondu akiuliza ndege ana rangi gani tumboni, Fanuel anarudi ndani kutazama. Akiuliza ua lina petali ngapi, anarudi tena. Nilimtania kwamba sasa amepata kazi ya tarishi. Alikuwa na furaha siku zile kuliko nilivyowahi kumwona.

Ndege mwenyewe alikuwa na kichwa na kifua vyeusi, tumbo jeupe, ubavu wa rangi ya chungwa, na alikaa chini kwenye giza akifukua majani makavu. Ua liliota kwenye miamba yenye kivuli, majani yake yana manyoya kama sikio la mwanambuzi, na lenyewe zambarau na tone la manjano katikati. Kalondu alituonyesha picha kitabuni, Fanuel akaweka kidole: huyu, na hili.

"Baba, hawa wawili hawapatikani popote duniani ila kwenye vilima hivi vya Taita," Kalondu akasema.

Halafu akatueleza jinsi wasomi wanavyowapanga. Kila kiumbe kina majina mawili, la jamaa yake na lake mwenyewe, na Fanuel akapenda hilo, maana hata sisi ndivyo tulivyo. Ndege yule jamaa zake ni wale ndege wafukua majani. Binamu yake mmoja yuko hata Machakos, hana woga, anaingia mpaka uani. Jamaa za ua wako milima ya Usambara, upande wa Tanzania, na Wazungu wamewapeleka kwao wakawatia kwenye vyungu madirishani. Kwa hesabu ya wasomi, ndege na ua walikuwa mbali mno, hawakutani popote ila pale juu kabisa panapoandikwa kwamba vyote ni viumbe hai.

Fanuel naye akatoa hesabu yake. Kwake vitu vilikuwa na mafungu matatu: vya nyumbani, vya porini, na vya fighi. Mbuzi na muhogo ni fungu moja, kwa kuwa wote wanaishi kwa mkono wa mtu. Tembo na miiba ya kule tambarare ni fungu moja, hawamhitaji mtu. Na ndege yule, na ua lile, na jiwe linaloota ua, na ukungu, ni fungu la tatu, watoto wa mama mmoja. Ukimgusa mmoja umewagusa wote. Kalondu aliyaandika yote hayo bila kucheka.

"Na serikali inawaonaje?" Fanuel akauliza.

"Ndege ana sheria, Baba. Yuko kwenye kitabu cha dunia cha viumbe vilivyo hatarini, na hapa nchini, anayemkamata anapelekwa kortini. Ua bado halina. Sheria ya wanyama ni ya wanyama. Miti na majani ni ofisi nyingine, na huko wanahesabu mbao."

Mimi niliisikia sentensi yote. Fanuel alisikia nusu. Si kwamba alikuwa kiziwi. Ni kwamba hakuna mtu aliyelelewa na fighi ambaye angeweza kuelewa ile nusu ya pili. Kwake amri ilikuwa haigawanyiki. Kama ndege analindwa, basi tawi analolalia linalindwa, na jiwe, na ua lililo kwenye jiwe. Aliondoka pale ukingoni akiamini kwamba serikali nayo imeweka fighi yake, palepale juu ya yetu, na kwamba sasa msitu una walinzi wawili.

Mwaka uliofuata, uwindaji ukiwa umekwisha kupigwa marufuku nchi nzima na jela zikijaa watu wa digidigi, walikuja vijana na rangi nyekundu. Walipaka alama kwenye miti ya fighi mmoja mmoja. Mbao zilikuwa zimeuzwa kwa tajiri mmoja wa huko nje, na baada ya hapo ingepandwa mikaratusi. Karatasi za serikali walikuwa nazo. Wazee wa kwetu walikusanyika wakatikisa vichwa, wengine wakasema fighi itajilinda yenyewe, wengine wakasema kanisa lilikwisha kuonya. Nilitamani kuwazaba makofi wote.

Fanuel alisema kitu kimoja tu. "Serikali imesahau. Ndege wake yumo humo. Ikikumbushwa itaacha."

"Nenda basi ukaikumbushe," nikamwambia.

"Maneno hawatasikia, shemeji. Wapimaji nao niliwapa maneno."

Nilielewa anakokwenda, nikaogopa. Alikuwa anataka kumtoa ndege. Alikuwa anataka kuvunja ile amri moja, yeye mwenyewe, mtu aliyekuwa akikung'uta hata viatu vyake asije akatoka na udongo wa mle ndani. Wakio alilia akamshika shati. Akamwambia mke wake, kwa upole uleule aliowapishia siafu, "Mimi nitalipa. Fighi itabaki."

Alimtega kwa kikapu na mchwa, ndege akaingia bila wasiwasi, maana hakuwahi kutegwa tangu dunia iumbwe. Ua alilichimbua pamoja na kuvumwani yake, yale majani laini ya mwambani, akalitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Alipotoka na vile vitu viwili mikononi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba maiti. Nilifuatana naye kwa sababu nilizoea kuuza nyanya Voi na ofisi nilizijua. Tulishuka mpaka barabarani tukapata lori la mboga. Kila lilipoyumba alikifunika kikapu kwa mwili wake.

Afisa wa ofisi ya wanyamapori kule Voi alikuwa kijana safi, mwenye adabu. Alitukaribisha viti. Fanuel alikaa wima kama yuko kanisani, akaeleza yote, msitu, rangi nyekundu, mbao, halafu akafungua kikapu kidogo. Ndege akatoa kichwa.

"Mzee, hii ndege umetoa wapi?"

"Nimemtoa huko huko ninakokwambia. Nimekuletea umwone mwenyewe. Ni wa sheria yenu."

"Umeshika wewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Uko na leseni?"

Fanuel akanitazama, akidhani hajasikia vizuri. Nikaanza kusema, nikaeleza tena msitu na tajiri wa mbao, sauti yangu ikipanda, na yule kijana akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nimekuelewa," akasema. "Lakini mambo ya miti si ya hapa. Hapa ni wanyama. Na huyu mzee ameshika mnyama anayelindwa, amesafirisha, na amekiri mbele yangu. Nikimwacha, kesho ni mimi."

Akaita askari. Hakuna aliyempiga Fanuel, hakuna aliyemtukana. Kama wangemtukana ningepata mtu wa kumchukia. Wakati wanamwongoza nje, Fanuel aligeuka akasema, "Na ua? Nimeleta na ua." Afisa akautazama ule mkebe mezani kwake. "Hiyo haina shida," akasema. "Hayo ni majani tu. Unaweza kwenda nayo."

Kortini ndege aliletwa kwenye sanduku la kadibodi kama kielelezo. Alikuwa amekwisha kufa, na joto lile la Voi hata mimi linaniua. Hakimu alimwuliza Fanuel kama ana lolote la kusema, naye akasema ndege alikuwa mzima alipomkabidhi. Faini hatukuwa nayo. Akapewa miezi sita. Kwenye selo alilala na Wakamba wa nyanda za chini waliokamatwa na nyama ya pofu, yule swala mkubwa, na walipomwuliza yeye alikula nini, akawaambia hakula, alikuja kushtaki. Walicheka mpaka wakamhurumia.

Mimi nilirudi na mkebe. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, hili nitalirudisha, angalau hili moja litarudi, na amri itakuwa imevunjwa nusu. Nilipokaribia nyumbani nikasikia misumeno.

Wakati ule wote niliokaa chini ya fighi sikuwahi kuingia. Siku ile niliingia, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kunizuia. Jua lilikuwa limefika mpaka chini. Vijana walikaa juu ya magogo wakila mihogo, mmoja akanisalimu vizuri tu, "Shikamoo mama." Niliitafuta ile miamba ya Fanuel nikaipata. Maua yalikuwa bado yameshika mawe, yamenyauka kama mboga iliyosahaulika sokoni. Nilipanda langu palepale, nikaliwekea kivuli cha matawi, nikawa nalinywesha kila asubuhi. Halikumaliza juma. Nililia kwa hasira, nikalaani waziwazi, watu wakasema Mable ameingiwa na wazimu.

Fanuel alirudi amekonda. Alipita moja kwa moja akaenda kusimama pale, akakaa mpaka Wakio akamfuata. Na hapo ndipo lilipoanza la pili, ambalo naona lilikuwa baya kuliko jela. Watu wa kwetu walikuwa wameshapata jibu lao. Fighi haikukatwa na tajiri, walisema. Fighi ilikatwa kwa sababu mlinzi wake alitoa kitu. Alipotoa ndege, ngao ilitoboka. Hawakuhesabu kwamba rangi nyekundu ilitangulia. Mwaka ule mvua ikachelewa, chemchemi ya chini ikawa tope, na macho yote yakaelekea boma letu. Nilipigana maneno na nusu ya kijiji. Lakini sikuweza kupigana na Fanuel mwenyewe, maana yeye aliamini kama wao.

"Mimi ndiye niliyemtoa, shemeji," alikuwa akiniambia.

"Wangekata tu hata usingemtoa!"

"Huenda. Lakini nilimtoa."

Wazee walikubali kumsafisha, hilo sitawanyima. Walikuwa tayari na kondoo. Halafu wakakumbuka kwamba tambiko la kosa la namna ile hufanyiwa ndani ya fighi, na si penginepo. Wakatazamana. Kondoo akarudishwa zizini, na Fanuel akabaki na kosa lake. Aliacha kuimba besi.

Mwaka wa themanini na tano Kalondu akaja tena, sasa akiwa mwanamke mzima mwenye gari la kazi. Habari za kesi zilikuwa zimemfikia akiwa ng'ambo masomoni, na alipomwona Fanuel alipiga magoti kabisa. Alisema alikuwa na habari njema mbili. Ya kwanza, wataalamu wa mimea sasa wanalishughulikia lile ua, nalo linaelekea kutajwa miongoni mwa yaliyo hatarini. "Litakuwa sawa na ndege, Baba. Watakuwa fungu moja, kama ulivyosema." Fanuel akamshukuru. Mimi nilitoka nje nisije nikasema kitu kibaya.

Habari ya pili ilikuwa kwamba ndege hajatoweka. Juu kabisa ya Mbololo, kwenye msitu mkubwa, bado wapo. Alitaka Fanuel apande naye akasikie kwa masikio yake. Kule si fighi, nikaenda na mimi. Tulitembea kwenye ukungu, tukakaa chini kimya, na baada ya muda mrefu akaimba mmoja, karibu, chini kwenye majani. Kalondu alimshika Fanuel mkono. Alikuwa akitabasamu huku analia. Nami nilifurahi, nakiri. Nilidhani sasa mtu wetu atapumua.

Fanuel alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo. "Ni mzuri," akasema. "Huyu ni wa huku."

"Ni yuleyule, Baba. Jina moja, jamaa moja. Ndege ni huyuhuyu."

"Mwanangu, ukinizika mimi, utamwambia Wakio asilie, Wadawida bado wapo?"

Kalondu alijaribu kueleza kwamba yeye hawezi kuandika kila kilima, anaandika aina, na aina bado ipo. Fanuel alimpigapiga begani kama anavyotulizwa mtoto. "Andika yupo," akamwambia. "Ni kweli, yupo. Kwetu hayupo." Akainuka akakung'uta suruali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujali kama ametoka msituni na majani kwenye viatu.

Kalondu alikuwa amemtafutia kazi ya kuongoza watafiti kule juu, yenye mshahara. Aliikataa, na nilimfokea kwa hilo, maana nyumba ilikuwa na njaa. Alisema hawezi kuwa mlinzi mara ya pili.

Lakini njaa ni njaa, na Wakio alikuwa ameanza kuugua. Mvua zilipoisha Fanuel alikwenda kuomba kibarua cha kupalilia mikaratusi, palepale ilipokuwa fighi. Msimamizi alimwuliza kama ana uzoefu, na vijana waliokuwa pale wakamjibia. Wakasema mchukue huyu mzee, hakuna anayelijua lile eneo kumshinda. Akapewa jembe, akaanza siku ileile.